Kuhesabu rutuba ya bahari: mwongozo kamili wa kuingia kwenye utafiti wa modeli za biojiokemia

Fungua ramani ya mwambao wetu uigawe visanduku vya digrii moja kwa digrii moja, kama zinavyofanya modeli nyingi za tabianchi ya dunia zikifika baharini. Karibu na ikweta kisanduku kimoja kina upana wa kilomita 111 hivi. Tazama kile kilicho kati ya latitudo 6 na 7 kusini, longitudo 39 na 40 mashariki. Dar es Salaam imo. Mji Mkongwe umo. Makunduchi imo. Maji ya Mkondo wa Unguja, yaani mlango wa bahari kati ya kisiwa na bara, yenye kina kifupi na yanayochafuka kwa mchanga wakati wa bamvua, yamechanganywa na maji ya buluu ya upande wa mashariki ambako sakafu ya bahari huporomoka kwa mamia ya mita. Kwa kompyuta hayo yote ni maji mamoja: nitrati kiasi kimoja, joto moja, klorofili (rangi ya kijani ya mimea) moja.

Aliyekulia pwani anajua kuwa sivyo. Kazi ninayotaka kukuonyesha njia yake ni ya kuisahihisha hesabu hiyo mpaka ifanane na bahari yenyewe, na naamini watu wa bahari hii wanahitajika sana ndani yake. Modeli nyingi tunazotumia zilianza na bahari za wengine. Mwanasayansi Gordon Riley alihesabu planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea baharini, za Georges Bank, pwani ya Marekani, mwaka 1946. Michael Fasham na wenzake wawili walitoa mwaka 1990 modeli ya vyumba saba vya naitrojeni, wakaijaribu kwa vipimo vya karibu na Bermuda. Huko hakuna kaskazi wala kusi. Huku, upepo hugeuka na Mkondo wa Somalia nao hugeuka, na vigezo, yaani namba za kuiendesha modeli, vilivyopatikana Atlantiki vinahitaji mtu wa kuvihoji.

Kwanza, ujue kazi yenyewe ni ipi

Biojiokemia ya bahari ni hesabu ya safari za kaboni, naitrojeni, fosforasi, chuma, silika na oksijeni kati ya maji, viumbe, hewa na matope ya chini. Mimea midogo inayoelea majini, fitoplanktoni, hufanya karibu nusu ya usanisinuru wa dunia nzima. Bahari hufyonza takribani robo ya kaboni dayoksidi tunayoitoa kwa kuchoma mafuta, makaa na misitu. Modeli ni programu inayogawa bahari visanduku, kisha kila baada ya dakika au saa kadhaa inauliza kila kisanduku: kimeingia nini, kimetoka nini, kimeliwa nini, kimeoza nini?

Siku ya kawaida ya mtafiti wa fani hii ni kusoma msimbo (maandishi ya programu), kuandaa data, kuwasha modeli, kungoja, kuchora grafu, kulinganisha na vipimo, na kujiuliza kwa nini hazilingani. Safari za meli zipo lakini si nyingi. Nasema hili mapema kwa sababu nimewaona vijana waliokuja kwa kupenda kupiga mbizi wakakata tamaa mbele ya skrini. Ukipenda mafumbo ya hesabu na pia ukaipenda bahari, umefika mahali pako.

Nawe msomaji wa Goma, Bujumbura au Kisumu usifunge ukurasa. Hesabu hizi hizi hutumika ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na sehemu kubwa ya maji yake ya chini haina oksijeni kabisa. Ziwa Kivu limebeba takribani kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani, ambayo Rwanda tayari inaizalishia umeme, na kujua methani hiyo inazalishwa kwa kasi gani ni swali la biojiokemia moja kwa moja.

Hatua ya 1: Pata msingi wa hisabati, hata kama ulisoma baiolojia

Shahada ya kwanza inaweza kuwa fizikia, hisabati, kemia, sayansi ya bahari, uhandisi au hali ya hewa. Wanaotoka fizikia huwa wepesi wa milinganyo na wazito wa viumbe. Wanaotoka baiolojia ni kinyume chake. Wote hufika. Jambo lisilokwepeka ni kuelewa mlinganyo wa mabadiliko kwa wakati, yaani ule usemao: kesho ni leo, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka. Jifunze kalkulasi ya mwaka wa kwanza, aljebra ya matriki na takwimu za kawaida. Kama uliziacha zamani, jipe miezi mitatu ya kurudia kwa kalamu na karatasi. Usiruke.

Kwenye kemia, shika uwiano mmoja uwe kama jina lako: 106 kwa 16 kwa 1. Ni idadi ya atomi za kaboni, naitrojeni na fosforasi katika planktoni kwa wastani, na unaitwa uwiano wa Redfield, kwa jina la Alfred Redfield aliyeanza kuuandikia mwaka 1934. Ukijua nitrati kiasi gani imetumika, unakadiria kaboni kiasi gani imejengwa kuwa kiumbe. Wastani huo una mipaka yake, na watafiti wengi wanaishi kwa kuichunguza, lakini huwezi kubishana nao kabla hujauzoea.

Hatua ya 2: Kompyuta

Kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kuanzia. Weka mfumo endeshi wa Linux, au uiwashe ndani ya Windows. Jifunze Python pamoja na maktaba za numpy, xarray na matplotlib. Jifunze Git, programu ya kutunza kila toleo la msimbo, ili usipoteze kazi. Zoea faili za netCDF, kwani karibu data zote za bahari hukaa humo.

Kisha Fortran. Wengi watakwambia ni lugha ya wazee. NEMO, ROMS, CROCO na MITgcm, modeli kubwa za bahari ambazo utakutana nazo, zote zimeandikwa kwa Fortran. Si lazima uwe fundi wake. Lazima uweze kuisoma na kubadilisha mistari ishirini bila kuvunja mingine elfu.

Hatua ya 3: Jenga modeli yako ya vyumba vinne

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko pengine pote. Modeli ndogo ya kufundishia ina vyumba vinne: nitrati, fitoplanktoni, zooplanktoni, yaani wanyama wadogo wanaozila, na masalia, yaani vinyesi na mizoga. Vyote vinapimwa kwa naitrojeni, milimoli kwa mita ya ujazo. Nitrati huingia kwa fitoplanktoni, fitoplanktoni huliwa na zooplanktoni, wote hufa na kuwa masalia, masalia huoza na kurudi kuwa nitrati. Mduara umefunga. Msimbo wake hauzidi mistari mia moja.

Anza na mlo wa fitoplanktoni. Tuseme kasi yao ya juu ya kukua ni 1.5 kwa siku, na nitrati inayowapa nusu ya kasi hiyo ni 0.5. Naitrojeni wanayochukua kwa siku ni 1.5, mara nitrati iliyopo ukigawa kwa nitrati hiyo ukijumlisha 0.5, mara wingi wa fitoplanktoni. Ikiwa nitrati imebaki 0.1 na fitoplanktoni ni 1, jibu ni 0.25 kwa siku. Sasa angalia hatari. Ukiiruhusu modeli ipige hatua ya siku nzima, itatoa 0.25 kwenye ghala lenye 0.1 tu, na utapata nitrati ya hasi 0.15. Hakuna bahari yenye nitrati hasi. Ukipunguza hatua iwe ya saa moja, itachukua 0.01 hivi, ghala litabaki na 0.09, kisha saa inayofuata kasi yenyewe itakuwa imeshuka. Fanya hesabu hii kwa mkono kabla ya kuandika msimbo. Ukiielewa, umeelewa kwa nini kompyuta kuu zinahitajika: hatua ni fupi, visanduku ni mamilioni, na miaka ni mingi.

Jambo la pili ni jumla. Kwa kuwa mduara umefunga, ukijumlisha vyumba vyote vinne kila hatua, jumla haipaswi kubadilika, labda kwenye tarakimu ya kumi na kitu baada ya nukta. Mimi nilijifunza hili kwa uchungu. Modeli yangu ya kwanza ilikuwa na grafu ya kupendeza: fitoplanktoni wanapanda, zooplanktoni wanawafuata, wote wanashuka kwa utaratibu. Niliionyesha darasani kwa fahari. Mwalimu akauliza jambo moja tu: jumla yako iko wapi? Nilipoichora, ilianza na 5.0 na mwisho wa mwaka ilikuwa 1.3. Zooplanktoni wangu walikuwa wakinyonya asilimia 75 ya walichokula, na ile 25 iliyobaki, ambayo ingetakiwa kwenda kwenye masalia, sikuiandikia mahali pa kwenda. Kila siku naitrojeni ilitoweka duniani. Ule mshuko mzuri wa grafu ulikuwa njaa niliyoitengeneza mwenyewe. Tangu siku hiyo mstari wa jumla ndio wa kwanza kuandika katika kila modeli ninayoigusa.

Ikisimama vizuri, ongeza nuru inayobadilika mchana na usiku, kisha kina cha tabaka linalokorogwa na upepo. Halafu chezea vigezo kimoja kimoja. Ongeza ulaji wa zooplanktoni kwa robo, chora. Punguza kasi ya uozo kwa nusu, chora. Andika ulichotarajia kabla ya kuona jibu. Daftari hilo la matarajio na majibu lina thamani kuliko vyeti vingi.

Hatua ya 4: Chagua maji unayoyajua, uyatafutie vipimo

Usichague bahari nzima ya Hindi. Chagua Mkondo wa Pemba, au maji ya mbele ya Kilifi, au mdomo wa Rufiji. Kuna data za bure za kutosha kazi ya kwanza. World Ocean Atlas inakupa wastani wa joto, chumvi, nitrati, fosfati, silika na oksijeni kwa kina. Copernicus Marine inatoa matokeo ya modeli na vipimo vya satelaiti baada ya kujisajili bila malipo, na inakuruhusu kukata eneo lako tu kabla ya kupakua. Kwa anayenunua bando hilo ni jambo kubwa. Maboya ya Argo ya biojiokemia hupima oksijeni, nitrati, asidi ya maji, klorofili, chembe zinazoelea na nuru. Rangi ya bahari imepimwa mfululizo kutoka angani tangu kipimo cha SeaWiFS kiliporushwa mwaka 1997, kikafuatwa na MODIS ya satelaiti Aqua mwaka 2002, na satelaiti ya PACE ikaruka Februari 2024.

Zoezi lenyewe ni hili: chora klorofili ya mahali pako kwa kila mwezi, miaka ishirini, kisha weka pembeni joto la maji. Utaliona joto likipanda hadi nyuzi 29 au 30 kaskazi inapoisha na kushuka hadi 25 au 26 kusi inapokomaa. Je, klorofili inafuata? Inachelewa? Mwaka upi umetoka nje ya mstari, na ulikuwa mwaka wa El Niño?

Tahadhari mbili. Wakati wa masika mawingu huifunika bahari, na wastani wa mwezi unaweza kuwa umejengwa kwa siku chache tu. Hesabu siku hizo. Na karibu na mdomo wa Rufiji au Tana, tope na rangi ya majani yaliyooza huidanganya satelaiti ikadhani ni fitoplanktoni. Hapo ndipo mtu aliyewahi kuyaona maji hayo kwa macho anamzidi aliyekaa mbali. Zungumza pia na wavuvi wa dagaa. Wao huvua kwa taa nyakati za giza la mwezi, na huijua miezi ambayo dagaa hupanda juu. Maelezo yao si takwimu, lakini hukwambia swali lipi linafaa kuulizwa.

Hatua ya 5: Ingia modeli kubwa kwa mlango mdogo

Kabla ya kurukia bahari ya pande tatu, tumia GOTM, modeli ya safu moja ya maji kutoka juu hadi chini, ukiiunganisha na FABM, mfumo unaokuwezesha kuchomeka modeli mbalimbali za viumbe bila kuandika upya fizikia. Vyote ni bure na vinaendeshwa kwenye kompyuta mpakato. Ukiimudu safu moja kwa mwaka mzima wa kaskazi na kusi, una jambo la kuonyesha.

Baadaye chagua familia moja ukae nayo. NEMO hutembea na modeli ya viumbe ya PISCES, iliyokulia Ufaransa, au MEDUSA ya Uingereza. ERSEM ya Plymouth ina undani mkubwa wa bahari za kina kifupi. CROCO inafaa kwa mikoa na ina PISCES ndani yake. Ushauri wangu kwa mtu wa mwambao huu ni CROCO au ROMS, kwa sababu swali letu kubwa ni la visanduku vidogo: mikondo kati ya visiwa, na pale ambapo Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, ambao huenda kaskazini mwaka mzima, hukutana wakati wa kaskazi na Mkondo wa Somalia unaoshuka kusini.

Hatua ya 6: Shahada za juu na fedha zake

Bila uzamivu unaweza kuwa fundi wa data au msaidizi wa utafiti, na ni kazi za heshima. Kuongoza utafiti kunahitaji uzamivu. Nyumbani kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Zanzibar, na Kenya kuna Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo Kikuu cha Cape Town kina idara ya osheanografia yenye mizizi mirefu. Kwa mwenye hisabati nzuri na mfuko mtupu, AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003 na sasa ina kituo Rwanda, imesomesha wengi kwa ufadhili, na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, kina diploma ya mwaka mmoja ya fizikia ya mfumo wa dunia kwa wanaotoka nchi zinazoendelea.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: Ujerumani, Norwei na Uholanzi, nafasi ya uzamivu mara nyingi hutangazwa kama ajira yenye mshahara. Hulipi ada, unalipwa. Kwa hiyo usitafute kwenye kurasa za ufadhili pekee, tafuta pia kwenye kurasa za nafasi za kazi za taasisi kama GEOMAR ya Kiel, Alfred Wegener ya Bremerhaven au Chuo Kikuu cha Bergen. Uzamili ni habari nyingine: Norwei ilianza kutoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2023, huku vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi. Kuna pia Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, DAAD ya Ujerumani na ufadhili wa Jumuiya ya Madola. WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti kwa watu wa magharibi ya Bahari ya Hindi, na POGO, ushirika wa kimataifa wa taasisi za bahari, hugharimia mafunzo na ziara fupi za maabara. Anayekutaka umtumie fedha ili akupatie ufadhili ni mwizi. Mwache hapo hapo.

Hatua ya 7: Barua kwa msimamizi

Barua nyingi huanza hivi: "Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii ninayependa bahari, naomba nafasi yoyote." Profesa hana la kushika hapo. Andika aya tatu. Ya kwanza iseme umesoma kazi gani yake na umekwama wapi ndani yake. Ya pili iseme, kwa mfano: "Nimeendesha safu moja ya GOTM kwa Mkondo wa Pemba, modeli inachelewesha kilele cha klorofili kwa wiki nne ikilinganishwa na satelaiti, na nadhani sababu ni kina cha ukorogaji." Ambatanisha grafu moja, moja tu, na kiungo cha msimbo wako. Ya tatu iulize kama atakuwa na nafasi mwaka ujao na kama anakubali kukusaidia kuomba ufadhili fulani. Usipojibiwa ndani ya wiki tatu, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha endelea na mwingine.

Hatua ya 8: Kazi baada ya uzamivu

Njia ya kawaida ni mikataba ya miaka miwili mitatu ya utafiti. Ni maisha ya kuhamahama, na yanawaumiza wenye familia. Lizungumze na mwenzio mapema. Maabara nyingi za modeli ziko Plymouth, Southampton, Paris, Princeton, Boulder na Hobart. Oman nako kuna kazi ya maana, kwa kuwa Bahari ya Uarabuni ina mojawapo ya matabaka mapana zaidi duniani ya maji yenye oksijeni haba. Nyumbani, KMFRI ya Mombasa na TAFIRI ya Tanzania, taasisi za utafiti wa uvuvi, zinahitaji watu wa kuunganisha modeli na mavuno ya samaki, na FishMIP ni mradi wa kimataifa unaolinganisha modeli za uvuvi chini ya tabianchi tofauti. Soko jipya ni kupima miradi ya kuongeza kaboni baharini: mtu akidai amefyonza tani kadhaa, lazima modeli ithibitishe, na huko uaminifu wa mhesabu ndio kila kitu.

Popote utakapoajiriwa, wiki ya kwanza utapewa modeli ya mtu mwingine, yenye maelfu ya mistari na vigezo visivyo na maelezo. Usianze kuirekebisha. Iendeshe kama ilivyo, linganisha matokeo na ya aliyekutangulia mpaka tarakimu zifanane, kisha chora naitrojeni yote ya modeli hiyo kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kama mstari umelala sawa, au unashuka tu kwa kiasi kinachozikwa kwenye matope, badilisha kigezo chako cha kwanza. Kama unapanda au kushuka bila maelezo, unayo tayari mada ya mkutano wako wa kwanza na msimamizi.